Jengo Lilihama, Mahali Pakabaki: Historia ya Hija ya Kumano Hongu Nchini Japani

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya hija ya hekalu la Kumano Hongu, lililoko katika milima ya Rasi ya Kii, mkoa wa Wakayama, nchini Japani. Kwa zaidi ya miaka elfu moja hekalu hilo limeendewa na wafalme waliong'atuka, wapiganaji, watawa, wanawake, wagonjwa na, katika zama hizi, watalii. Mwaka 1889 mafuriko yaliharibu sehemu kubwa ya majengo yake, na mwaka 1891 yaliyosalia yalihamishiwa juu ya kilima kilicho jirani. Swali la msingi ni hili: hekalu linapohama, utakatifu huhama nalo au hubaki palepale? Hoja inayojengwa ni kwamba katika Kumano mahali palitangulia jengo, lakini pia kwamba mahali hapo hapakujihifadhi penyewe. Palihifadhiwa na nyayo za waliopaendea na mikono ya waliopatunza, na kila mara watu hao walipopungua, utakatifu wa mahali ulikuwa hatarini.

1.0 Utangulizi

Anayeieleza dini ya Shinto kwa Kiswahili hukutana mapema na tatizo la istilahi. Kijapani hutenganisha jinja, yaani mahali pa kami, na tera, yaani nyumba ya ibada na utawa ya Wabuddha. Kiswahili huviita vyote viwili hekalu. Aidha, neno hekalu humjengea msomaji taswira ya jengo lenye kuta, paa na mlango. Neno mzimu, kwa maana yake ya mahali kama pango, mbuyu au chaka ambapo watu hupeleka sadaka, lingekaribia zaidi asili ya jinja, kwa kuwa nalo huanza na mahali kabla ya jengo. Hata hivyo, mzimu hufungamana mno na roho za wafu, ilhali kami si lazima awe mtu aliyefariki. Kami aweza kuwa nguvu iliyomo katika maporomoko ya maji, mlima, mwamba au mti mkongwe. Aweza pia kuwa babu wa ukoo au mtu mashuhuri aliyetukuzwa baada ya kufa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno hekalu kwa mazoea, bila kusahau kwamba jengo ni sehemu moja tu ya kinachozungumziwa.

Tatizo hilo la istilahi si la lugha peke yake. Katika historia ya Japani ya kisasa, swali la iwapo hekalu ni jengo au ni mahali liliamua hatima ya misitu, vijiji na maelfu ya sehemu za ibada. Serikali iliyoona hekalu kuwa jengo iliweza kulihamisha, kuliunganisha na jingine na kuuza miti iliyolizunguka. Wanakijiji walioona hekalu kuwa mahali hawakuweza kukubali kirahisi kwamba kami wao amehamia kijiji cha pili kwa barua ya ofisa. Kumano Hongu ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa sababu hapo jengo na mahali vilitenganishwa kweli, na kila anayelizuru hekalu hilo leo hulazimika kwenda sehemu mbili badala ya moja.

2.0 Mahali Palipozungukwa na Maji

Rasi ya Kii iko kusini mwa miji ya kale ya Nara na Kyoto. Ni nchi ya milima iliyosongamana, mabonde membamba na mvua nyingi zinazoletwa na pepo za Bahari ya Pasifiki. Upande wake wa kusini, uitwao Kumano, una mahekalu makuu matatu: Hongu, lililo ndani milimani, Hayatama, lililo Shingu karibu na Mto Kumano unapoingia baharini, na Nachi, lililo jirani na maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 133. Mahekalu hayo yalianza kama sehemu tatu za ibada zisizofungamana. Baadaye yaliunganishwa kuwa mfumo mmoja, kila moja likiwatukuza pia kami wa mengine mawili.

Hongu ya asili ilijengwa juu ya fungu la mchanga liitwalo Oyunohara, mahali ambapo Mto Kumano hukutana na vijito vya Otonashi na Iwata. Jina la Otonashi lina maana ya kutokuwa na sauti. Kwa muda mrefu kijito hicho hakikuwa na daraja, na mahujaji walikivuka kwa miguu, viatu vyao vya majani ya mpunga vikilowa, ndipo wafike mbele ya kami. Kuvuka huko kulikuwa tohara ya mwisho: msafiri aliyeoga baharini mwanzoni mwa safari na mitoni njiani, sasa aliingia patakatifu akiwa bado anachuruzika maji. Hivyo maji yalikuwa ndiyo uzio wa hekalu na ndiyo lango lake.

Kuanzia karne za kati, imani za Shinto na za Kibuddha zilichanganyika Kumano kwa kiwango kikubwa. Kami walitazamwa kuwa ni sura ambazo mabuddha walizivaa ili kuwafikia watu wa Japani. Kami mkuu wa Hongu alihusishwa na Amida, bwana wa Pepo ya Magharibi. Wa Hayatama alihusishwa na Yakushi, mponyaji. Na wa Nachi na Kannon, mwenye huruma. Kwa mtazamo huo, aliyetembea kutoka hekalu moja hadi jingine alipita katika nchi ya wafu na nchi ya wokovu akiwa bado hai, akarudi nyumbani kama aliyezaliwa upya. Wahenga wa milimani waitwao yamabushi, waliofanya mazoezi makali ya mwili na roho katika misitu hiyo, walikuwa ndio waongozaji wa njia na waamuzi wa ibada za safarini.

3.0 Kutoka Hija ya Wafalme hadi Hija ya Raia

Mfalme mstaafu Uda alifika Kumano mwaka 907. Hata hivyo, hija ilipata uzito wa kisiasa kuanzia mwaka 1090, mfalme mstaafu Shirakawa alipofanya safari yake ya kwanza. Katika kipindi hicho wafalme wa Japani waling'atuka mapema wakamwachia mrithi kiti, huku wao wakiendelea kuitawala nchi kutoka pembeni. Hija ya Kumano ikawa alama ya mamlaka yao. Shirakawa alikwenda mara 9, Toba mara 21, Go-Toba mara 28, na Go-Shirakawa zaidi ya mara 30. Kwa watawala walioishi Kyoto, hayo hayakuwa matembezi mepesi: kwenda na kurudi kulichukua takriban mwezi mzima.

Msafara wa Go-Toba wa mwaka 1201 unafahamika vizuri kwa sababu mshairi Fujiwara no Teika aliandamana nao na kuandika kumbukumbu za kila siku. Kumbukumbu hizo ni za mtumishi aliyechoka. Teika alikuwa na kazi ya kutangulia mbele, kutafuta malazi na kuandaa shughuli za ibada. Njiani aliugua na kulalamikia ugumu wa safari. Msafara ulishuka Mto Yodo kwa mashua hadi eneo la Osaka ya leo, ukafuata pwani kuelekea kusini hadi Tanabe, kisha ukaingia milimani kwa njia iitwayo Nakahechi. Kando ya njia hiyo kulikuwa na vihekalu vingi viitwavyo oji. Kwa jumla vilijulikana kama oji 99, ingawa idadi hiyo ilimaanisha wingi kuliko hesabu kamili. Katika vihekalu hivyo mahujaji walipumzika, walisali, walicheza ngoma za ibada na hata kufanya mashindano ya ushairi. Takijiri-oji, iliyo takriban kilomita 38 kutoka Hongu, ndiyo iliyohesabiwa kuwa mwanzo wa nchi takatifu.

Mwaka 1221 Go-Toba alishindwa vita dhidi ya watawala wa kijeshi wa Kamakura, akapelekwa uhamishoni. Hija ya kifalme ilififia baada ya hapo. Kama utakatifu wa Kumano ungetegemea wafalme tu, historia yake ingeishia hapo. Haikuwa hivyo. Wapiganaji wa mikoani, wafanyabiashara na wakulima walichukua nafasi ya wakuu, wakaja kwa wingi hata ukazuka msemo wa kuilinganisha hija ya Kumano na msafara wa siafu. Mtandao wa watu wa aina tatu uliiendesha hija hiyo: waongozaji wa njiani, wenyeji wa hekaluni waliowapokea na kuwalaza mahujaji wao wa kudumu, na masista wa Kumano waliozunguka vijijini wakieleza pepo na jehanamu kwa kutumia picha kubwa za kuchorwa. Karatasi za hirizi za Kumano, zilizopigwa chapa ya herufi zenye umbo la kunguru, zilienea nchi nzima na kutumika kuandikia viapo. Aliyevunja kiapo kilichoandikwa juu yake aliogopa ghadhabu ya kami.

Sababu moja ya mvuto huo ilikuwa uwazi wa Kumano kwa watu waliofungiwa milango kwingine. Milima mingi mitakatifu ya Japani ilikataza wanawake kupanda, na damu ya hedhi ilihesabiwa kuwa najisi katika mahekalu kwa ujumla. Kumano iliwapokea wanawake. Masimulizi ya Fushiogami-oji, mahali ambapo msafiri huona Oyunohara kwa mara ya kwanza kutoka mlimani, yanamtaja mshairi wa kike Izumi Shikibu. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, alipatwa na siku zake akiwa karibu kufika, akasikitika kwamba hataweza kusali, na usiku huo kami akamjibu ndotoni kwamba asiogope kuja. Ni hekaya, lakini hekaya hiyo inaonyesha sifa ambayo hekalu lilitaka kujulikana nayo. Sifa hiyohiyo inajitokeza katika historia ya mtawa Ippen. Mwaka 1274 Ippen alikuwa akigawa vipande vya karatasi vyenye jina la Amida, na mtu mmoja akakataa kupokea kwa kuwa hakuwa na imani. Alipolipeleka fumbo hilo mbele ya kami wa Hongu, jibu alilolipata lilikuwa awagawie watu wote, wenye imani na wasio nayo, wasafi na wasio safi. Madhehebu yake ya Ji yanauhesabu ufunuo huo kuwa msingi wake.

4.0 Dola Yaingia Hekaluni

Mwaka 1868 utawala mpya wa Meiji uliamuru imani za Shinto na za Kibuddha zitenganishwe. Amri hiyo ilikuwa na lengo la kisiasa: kuifanya Shinto nguzo ya taifa chini ya mfalme. Katika sehemu kama Kumano, ambako kami na buddha walikuwa pande mbili za kitu kimoja, amri ilikata katikati ya mwili ulio hai. Sanamu na maandiko ya Kibuddha yaliondolewa katika mahekalu. Huko Nachi, hekalu la Shinto na hekalu la Kibuddha la Seiganto-ji, yaliyokuwa sehemu ya taasisi moja, yalitenganishwa ingawa yamesimama ubavu kwa ubavu. Mwaka 1871 serikali ilitangaza kwamba mahekalu ya Shinto ni ya ibada za taifa, ikafuta urithi wa ukuhani katika koo na kuyapanga mahekalu kwa madaraja. Mwaka 1872 njia ya wahenga wa milimani ilipigwa marufuku.

Athari ya hatua hizo kwa hija ilikuwa kubwa kuliko inavyodhihirika katika maandishi ya sheria. Mfumo wa waongozaji, wenyeji na wahubiri ndio uliokuwa umeifanya njia ya Kumano iwe hai kwa karne nyingi. Mfumo huo ulikuwa umedhoofika tangu zamani. Sasa sehemu iliyosalia iliondolewa msingi wake wa kidini. Njia zilibaki, ila waliozijua kama njia za ibada walipungua. Hekalu la Hongu lilipata hadhi mbele ya dola na wakati huohuo likapoteza sehemu ya watu walioiunganisha hadhi hiyo na maisha ya raia.

5.0 Mafuriko ya Mwaka 1889

Mwezi Agosti 1889 kimbunga kilileta mvua kubwa isiyo ya kawaida juu ya Rasi ya Kii. Katika bonde la Totsukawa, lililo juu ya Hongu katika mkoa wa Nara, miteremko ya milima iliporomoka, udongo na mawe vikaziba mito, yakatokea maziwa ya ghafla, na kuta hizo za udongo zilipobomoka maji yaliteremka kwa nguvu kubwa. Watu 168 walifariki Totsukawa. Wengi wa walionusurika hawakuwa tena na shamba wala nyumba. Katika mwaka huohuo zaidi ya watu 2,000 wa bonde hilo walihamia kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa mwa nchi, wakaanzisha makazi yaliyopewa jina la Shintotsukawa, yaani Totsukawa Mpya.

Maji hayohayo yalifika Oyunohara. Eneo la hekalu, ambalo kwa simulizi za hekalu lenyewe lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko la sasa, lilifunikwa. Majengo ya kami wa daraja la kati na la chini yalisombwa. Majengo makuu, yaliyokuwa yamejengwa upya mwanzoni mwa karne ya 19, yalinusurika. Ukataji wa miti katika milima ya juu umetajwa mara nyingi kuwa uliongeza ukali wa maafa. Mvua ya kiasi kile ingeleta madhara hata katika msitu mzima, lakini mlima uliovuliwa miti hushika udongo kwa udhaifu zaidi.

Mwaka 1891 majengo yaliyonusurika yalivunjwa kwa utaratibu, yakapandishwa na kusimikwa upya juu ya kilima kilicho umbali wa takriban mita 500. Uamuzi huo ulikuwa wa busara ya kawaida: jengo lililokwisha kuponyoka mara moja halirudishwi njiani mwa mto. Ufundi wa Kijapani wa kuunganisha mbao pia uliruhusu jengo kufunguliwa vipande na kuungwa tena. Hata hivyo, si kami wote waliohama. Waliopoteza majengo yao walijengewa vihekalu vidogo vya mawe palepale Oyunohara, katikati ya miti. Tangu wakati huo Kumano Hongu imekuwa na sehemu mbili: juu ya kilima kuna majengo, na chini penye mito kuna mahali.

6.0 Amri ya Mwaka 1906 na Upinzani wa Minakata Kumagusu

Kilichofanywa na maji huko Hongu kilifanywa na karatasi kwingineko. Mwaka 1906 serikali ilianzisha sera ya kuunganisha mahekalu. Hoja yake ilikuwa ya kiutawala: kulikuwa na mahekalu madogo mengi mno, mengine hayana kuhani wala mapato, na ilikuwa vigumu kwa serikali za mitaa kuyatunza yote kwa heshima iliyostahili dini ya taifa. Lengo lilikuwa kijiji kimoja kiwe na hekalu moja. Utekelezaji uliachiwa wakuu wa mikoa, na mikoa ya Mie na Wakayama, yaani nchi ya Kumano yenyewe, ndiyo iliyoathirika zaidi. Katika muda wa miaka michache, kati ya mahekalu yanayokadiriwa kuwa karibu 190,000 nchini kote, takriban 70,000 yalifutwa. Kihekalu kilipofutwa, msitu wake haukuwa tena na kinga. Miti mikongwe iliyoachwa kwa karne nyingi kwa sababu ya kami iligeuka mbao zenye bei.

Oji nyingi za njia ya Kumano ziliangamia katika wimbi hilo. Vihekalu ambavyo wafalme walisimama kusali viliunganishwa na mahekalu ya vijiji vya mbali, na miti yake ikauzwa. Aliyejitokeza kupinga kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Minakata Kumagusu, mwanasayansi na mtafiti wa mila aliyezaliwa Wakayama. Minakata alikuwa ameishi London, akasoma katika Makumbusho ya Uingereza na kuchapisha katika jarida la kisayansi la Nature. Baada ya kurudi alifanya utafiti wa kuvu na viumbe vidogo katika misitu ya Kumano, kisha akakaa Tanabe. Misitu ya mahekalu ilikuwa maabara yake.

Upinzani wake haukuwa wa maandishi tu. Mwaka 1910 alivamia mkutano uliohudhuriwa na ofisa aliyeunga mkono sera hiyo, akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa siku 18. Mwaka 1911 aliandika barua ndefu kwa mtaalamu wa mimea Matsumura Jinzo. Yanagita Kunio, mwasisi wa taaluma ya mila na desturi za Kijapani, alizichapa na kuwagawia watu wenye ushawishi. Katika barua na makala zake, Minakata alitoa hoja za aina mbili. Kwanza, hekalu la jirani ndilo linalowakutanisha wanakijiji. Likihamishiwa mbali, wazee na watoto hawafiki, sherehe hufa, na pamoja nazo hufa upole na mshikamano. Pili, msitu wa hekalu ni makazi ya ndege. Ndege wakitoweka, wadudu huongezeka na mkulima hupata hasara. Katika mwaka huohuo wa 1911 alitumia neno ekolojia kueleza uhusiano huo wa viumbe, jambo lililokuwa geni katika mjadala wa umma nchini Japani.

Uzito wa hoja hizo umo katika kukataa mgawanyo ambao serikali iliuchukulia kuwa wa kawaida. Kwa ofisa, kami aliweza kupelekwa pengine, miti ikahesabiwa kama mali, na watu wakaelekezwa kwenye hekalu jipya. Kwa Minakata, kami, miti, ndege na watu vilishikana. Kukiondoa kimoja ni kuvilegeza vyote. Ushindi wake ulikuwa wa sehemu tu. Huko Nonaka, mashina machache ya sugi yanayoizunguka Tsugizakura-oji yaliokolewa yasikatwe, na yamesimama hadi leo, matawi yake mengi yakielekea kusini. Sera ilipoteza nguvu polepole, na kufikia mwaka 1920 ilikuwa imekoma kwa vitendo. Kwa oji nyingi, huo ulikuwa mwaka wa kuchelewa.

7.0 Ziara ya Zama Hizi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, agizo la Desemba 1945 liliitenga Shinto na dola, na katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947 ikathibitisha uhuru wa dini. Mahekalu yakawa taasisi za kidini zinazojitegemea. Kumano Hongu haikuwa tena chombo cha serikali, lakini pia haikuwa tena na ruzuku yake. Barabara za magari zilifika bondeni, na njia za miguu zikaachwa kwa wakata miti.

Mwamko ulikuja mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1998 mkoa wa Wakayama ulianzisha uhusiano na jimbo la Galicia, Hispania, kwa msingi wa njia zao mbili za hija, ya Kumano na ya Santiago de Compostela. Mwaka 2000 lango la chuma lenye kimo cha mita 33.9 lilisimamishwa mbele ya Oyunohara. Ndilo kubwa kuliko malango yote ya aina yake nchini Japani. Mwaka 2004 UNESCO iliziandika sehemu takatifu na njia za hija za milima ya Kii katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uandikishaji huo una umuhimu wa pekee, kwa kuwa kilichothaminiwa ni njia na mandhari pamoja na majengo. Mtazamo uliomtia Minakata kizuizini ulipata mhuri wa kimataifa.

Mgeni wa leo kwa kawaida hupanda basi kutoka Tanabe na kuingia milimani kwa takriban saa mbili. Wengi huteremka Hosshinmon-oji, ambako jina lenyewe humaanisha lango la kuamka kwa moyo wa imani, na kutembea kilomita 7 hivi za mwisho. Njia hupita katika mashamba ya chai na mboga, nyumba za wazee, kisha msitu wa sugi. Sehemu kubwa ya msitu huo si ya kale: ni miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao, kwa mistari iliyonyooka, na chini yake mwanga ni hafifu. Mgeni asiyejua historia huweza kudhani anapita katika msitu wa wafalme. Kwa kweli anapita katika matokeo ya historia ya mbao, na miti mikongwe ya kweli ni ile michache iliyosalia kandokando ya oji.

Hatimaye mgeni hufika hekaluni. Akitokea upande wa kijiji, hupanda ngazi 158 zilizopangwa bendera pande zote mbili. Bendera hizo, kama vitu vingi hekaluni, hubeba picha ya kunguru mwenye miguu mitatu, Yatagarasu, anayesimuliwa kuwa alimwongoza mfalme wa kwanza kupitia milima hiyo. Ndiye pia aliye katika nembo ya Shirikisho la Mpira wa Miguu la Japani. Mbele ya majengo yenye mapaa ya magome ya mti wa hinoki, mgeni huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, husali, kisha huinama mara moja. Hapo wengi hufikiri ziara imekwisha. Lakini ziara nusu yake iko chini. Kupita lango kubwa la chuma, katika uwanja wa Oyunohara, hakuna jengo la kutazama: kuna nyasi, miti, vihekalu vya mawe na sauti ya mto nyuma ya ukingo.

Uhusiano wa sehemu hizo mbili huonekana wazi zaidi katika sherehe ya mwaka, inayofanyika tarehe 13 hadi 15 Aprili. Siku ya kwanza akina baba hubeba wana wao wadogo mabegani, kwenda kuoga katika chemchemi ya maji moto ya Yunomine na kurudi kwa njia ya mlimani. Mtoto haruhusiwi kugusa ardhi, kwa kuwa anaaminiwa kuwa amekaliwa na kami. Siku ya mwisho kami hutolewa katika jengo la kilimani, huwekwa katika machela ya ibada na kuteremshwa hadi Oyunohara, ambako ibada huendelea kabla ya kurudishwa juu. Kwa maneno mengine, kila mwaka jamii ya Hongu hukiri kwa vitendo kwamba makazi ya kilimani ni ya kami aliyehamishwa na maji, na kwamba bado ana kwao.

8.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaruhusu jibu kwa swali la awali, lakini si jibu la upande mmoja. Ni kweli kwamba Kumano mahali palitangulia jengo. Hekalu lilipohamishwa mwaka 1891, Oyunohara haikugeuka kuwa kiwanja kitupu. Ilibaki kuwa mahali pa kurudiwa. Hata hivyo, hatima ya oji inaonyesha kwamba mahali peke yake hapatoshi. Oji zilikuwa na udongo uleule, kumbukumbu zilezile za wafalme na miti ya umri uleule, lakini nyingi zilitoweka katika miaka michache, kwa kuwa waliozitembelea walikuwa wamepungua na waliozitetea walikuwa wachache. Tofauti kati ya Oyunohara na oji zilizokufa ni watu.

Hoja hiyo inaipa ziara ya leo uzito ambao mgeni mwenyewe huenda asiutambue. Vijiji vya milima ya Kii vinapungukiwa na watu, na wengi wa waliobaki ni wazee. Mwaka 2011 kimbunga kingine kilileta mafuriko makubwa na maporomoko ya ardhi katika rasi hiyo, na sehemu ya njia karibu na Iwagami-oji ililazimika kufungwa na kuwekewa njia ya kuzunguka. Mkoa umeanzisha utaratibu wa kuwaalika wageni na makundi ya kujitolea kubeba udongo na kufukia sehemu za njia zilizomomonyolewa na mvua. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na malango na mapaa yanayopigwa picha, lakini katika mwanga wa historia ya Kumano ndiyo iliyo karibu zaidi na kiini cha hija. Mto uliweza kuyachukua majengo, na serikali iliweza kuyafuta majina katika daftari. Njia inayoendelea kukanyagwa na kufukiwa ndiyo iliyomwezesha kila aliyefuata kufika.